Wikendi moja pwani kutoka Sydney, pamoja na mama mzee na bila gari: twende mji gani?

Mama Mwalimu, Kisumu

Hamjambo nyote. Binti yangu anasomea Sydney, na mwishoni mwa Septemba mimi na mama yangu, mwenye umri wa miaka 71, tutasafiri kwenda kumwona. Viza zimeshatoka na tiketi za ndege zimelipiwa. Kwa kuwa binti anasoma mchana na kufanya kazi jioni, nafasi pekee aliyonayo ya kututembeza ni wikendi ya kwanza ya Oktoba, ambayo Jumatatu yake ni sikukuu huko.

Mama amekaa kando ya ziwa tangu azaliwe, lakini bahari hajaiona hata ya Mombasa. Ombi lake ni moja. Anasema kwamba sisi wa huku tukitazama maji tunaona vilima vya ng'ambo, na yeye angependa, kabla macho hayajamwishia nguvu, kusimama mahali ambapo ng'ambo haionekani kabisa. Sitaki tumpeleke ufuo wa katikati ya jiji ambako atakanyagwa na umati, kwa hiyo nimekuwa nikitafuta mji mdogo wa pwani. Picha za Byron Bay na mnara wake wa taa mweupe zimenivutia sana. Je, inawezekana kutoka Sydney Jumamosi asubuhi, kulala huko usiku wa Jumamosi na wa Jumapili, kisha kurudi Jumatatu jioni? Magoti ya mama hayapendi ngazi. Hatutakuwa na gari, ingawa mimi mwenyewe huendesha hapa nyumbani, na fedha zetu si nyingi.

Binti Menengai, Nakuru

Mama Mwalimu, hongera kwa safari. Niliishi Wollongong, mji wa pwani kusini mwa Sydney, kwa miaka miwili nikisoma, na niseme mapema kwamba Byron Bay ni pazuri, lakini kwa siku zenu hizo nisingeenda. Kutoka Sydney ni takribani kilomita 770 kwa barabara. Hebu fikiria mtu anayeondoka Kisumu Jumamosi asubuhi kwenda Mombasa kwa gari, akiwa na mzee mwenye magoti mabovu, halafu Jumatatu awe amerudi. Atakachokumbuka ni kiti. Ndege ipo, inatua Ballina baada ya saa moja na dakika chache, ila nauli za wikendi ya sikukuu huwa zinaumiza, na kutoka uwanjani bado mtahitaji usafiri. Tena mnara huo unaouona kwenye picha, uliojengwa mwaka 1901 penye ncha ya mashariki kabisa ya bara la Australia, uko juu ya kilima.

Pendekezo langu ni Kiama. Uko kusini mwa Sydney, kilomita 120 hivi, umbali usiozidi sana ule wa Kisumu hadi Eldoret, na treni za kawaida za abiria zinafika mpaka katikati ya mji. Mnapanda stesheni ya Central, mnakaa zaidi kidogo ya saa 2, na mnapotoka stesheni mnaanza kuona bandari ndogo. Wakati wa kwenda, keti upande wa kushoto wa behewa. Treni hupita kwanza kando ya msitu wa Royal National Park, hifadhi iliyotangazwa mwaka 1879, kisha inashuka na kuambaa kati ya mlima na bahari kabla ya kufika Wollongong. Mama ataiona bahari akiwa bado amekaa, chai mkononi.

Kinachoupa Kiama sifa ni shimo lililo kwenye mwamba wa pwani, ambalo wenyeji huliita Blowhole. Mwamba ule ni wa volkano, kama hii yetu ya Menengai ingawa ni wa zamani mno, na bahari imeuchimba pango kwa chini. Wimbi likiingia pangoni, hewa hubanwa, kisha maji hufyatuka juu kupitia tundu kwa kishindo ambacho hukisikia kifuani. Bahari ikichafuka, hasa mawimbi yakitokea kusini-mashariki, maji huweza kupanda mita 25. Waliowahi kuziona chemchemi za Bogoria wasitegemee kitu kilekile, kwa sababu za Bogoria husukumwa na joto la ardhini na hazingoji wimbi, ilhali hili la Kiama siku ya bahari tulivu hukoroma tu. Lipo jingine dogo kusini kidogo, Little Blowhole, ambalo mara nyingi hufanya kazi wakati lile kubwa limelala. Mahali pa kutazamia pamejengewa vizuizi, na tafadhali msivivuke hata kama mtawaona vijana wakivivuka.

Kutoka stesheni hadi shimoni ni mwendo mfupi wa miguu, wa polepole dakika 15 hadi 20, na njia imetengenezwa vizuri. Mnara wa taa nao upo, wa mwaka 1887, hatua chache tu kutoka shimoni, kwa hiyo hutakosa picha yako.

Kuhusu tarehe, nina wasiwasi kidogo. Sikukuu hiyo ni ya wafanyakazi, ambayo katika jimbo la New South Wales huadhimishwa Jumatatu ya kwanza ya Oktoba, na kwa kawaida huangukia likizo ya shule. Sydney nzima inakuwa na wazo kama lako. Nyumba nyingi za wageni siku hizo hukataa kukodisha kwa usiku mmoja, jambo ambalo kwenu si tatizo kwa kuwa mnalala mara mbili, lakini ukingoja hadi Septemba utapata mabaki yenye bei ya kutisha. Tafuta kibanda kwenye viwanja vya wapiga kambi vilivyo kando ya ufuo. Usishtushwe na jina, kwa maana vibanda hivyo vina vitanda, bafu na jiko kamili, na kwa watu watatu huwa nafuu kuliko vyumba viwili vya hoteli. Uliza kabla ya kulipa kama kina ngazi mlangoni.

Mtembezi wa Kakamega

Ninaheshimu aliyosema dada wa Nakuru, lakini nadhani ameliondoa gari mezani haraka mno. Mwalimu anaendesha, na Australia wanaendesha upande wa kushoto kama sisi. Leseni yetu imeandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo mgeni wa muda mfupi anaruhusiwa kuitumia. Mimi nilikodi gari pale Sydney miaka michache iliyopita, nikapita daraja la Sea Cliff, lile linalotoka nje ya mwamba na kupita juu ya bahari kwa mita 665, na nikaendelea hadi Jervis Bay. Mchanga wa Hyams Beach ni mweupe mpaka unaumiza macho, na mjini Huskisson kuna mashua za kwenda kutazama pomboo, ambao huishi katika ghuba hiyo mwaka mzima. Ni mwendo wa kama saa 3 tu kutoka Sydney. Kwa mzee mwenye magoti mabaya, gari linalomfikisha mpaka ukingoni mwa maji linashinda treni yoyote.

Binti Menengai, Nakuru

Ndugu yangu wa Kakamega, siku ya kawaida ningekuunga mkono. Wikendi hii hapana. Barabara ya kusini hujaa, maegesho ya Hyams Beach hujaa kabla ya saa 4 asubuhi, na polisi wa jimbo hilo huongeza maradufu alama za adhabu anazoandikiwa dereva mkosaji katika wikendi ndefu. Zipo pia kamera zinazopiga picha ndani ya gari kutafuta dereva aliyeshika simu. Mgeni anayefuata ramani kwenye simu, huku mama akimwuliza kila dakika kama wamefika, hayuko mahali salama. Halafu kuna jambo ambalo labda umelisahau, kwamba Jervis Bay ni ghuba. Ukisimama Huskisson unaona nchi kavu mbele yako kama unavyoiona ukiwa Dunga, pale ziwani Kisumu, na mama wa watu ameomba mahali ambapo ng'ambo haionekani.

Mtembezi wa Kakamega

Hapo umenishinda. Nilikuwa nimesoma swali la mwalimu, lakini la mama sikulisoma vizuri. Niongeze basi kwa upande wa treni kwamba wikendi ndizo siku ambazo reli hufanyiwa matengenezo, na wakati mwingine sehemu ya safari huhamishiwa kwenye mabasi, kwa hiyo binti aangalie ratiba wiki hiyohiyo na asitegemee aliyoiona mwezi uliotangulia. Hamhitaji kununua kadi ya nauli, kwa kuwa kadi ya benki inayogusishwa kwenye mashine inakubalika, mradi kila mtu awe na yake na aiguse tena anaposhuka. Nauli ya siku ina kikomo, ambacho Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu huwa cha chini zaidi. M-Pesa, bila shaka, mnaiacha Kisumu.

Mama Mwalimu, Kisumu

Nawashukuru sana, hata kwa kubishana, maana katika mabishano hayo nimepata jibu. Nimezungumza na binti naye amekubali Kiama. Nina maswali mawili yaliyobaki. Mama anataka kubeba omena zilizokaushwa azipike kwenye jiko la kibanda, kwa sababu haamini kwamba atapata chakula cha kueleweka huko. La pili, mjukuu anataka kumwingiza baharini, nami naogopa.

Msafiri wa Bondo

Nijibu la omena, kwa kuwa lilinikuta uwanja wa ndege. Australia ni wakali kuhusu chakula, mbegu na kitu chochote kitokanacho na mnyama au mmea. Fomu ya kuingilia nchini itawauliza, nanyi jibuni ndiyo hata kama ni kijiko kimoja. Ukitangaza, afisa anakagua, na kama hakiruhusiwi kinachukuliwa, basi, umepoteza omena tu. Ukificha unatozwa faini papo hapo, na mgeni anaweza hata kufutiwa viza. Mimi nilitangaza kila kitu, wakaninyang'anya nusu, na sikulala polisi. Ushauri wangu ni kwamba mama aziache. Unga wa ugali unapatikana katika maduka ya Waafrika huko Sydney, na pale Kiama samaki wabichi wapo. Atapika mwenyewe na atafurahi. Kupika kutawafaa kwa njia nyingine pia, kwani miji midogo hufunga majiko ya mikahawa mapema usiku, na siku ya Jumapili au sikukuu baadhi ya mikahawa huongeza asilimia 10 au zaidi juu ya bili.

Tena, tundu za umeme za huko ni za pini bapa zilizokaa mshazari, kwa hiyo chaja zetu za pini tatu nene haziingii. Nunua adapta kabla hujaondoka.

Binti Menengai, Nakuru

Kuhusu kuingia majini, mjukuu asiwe na haraka. Mwanzoni mwa Oktoba ndiyo kwanza majira ya kuchipua, na maji yana nyuzi 18 hivi, baridi inayomfanya mtu wa Kisumu apige kelele. Ufuo wa Surf Beach uko karibu na katikati ya mji, na katika likizo hiyo ya shule walinzi wa ufuo huwa wameanza zamu za msimu. Wao husimika bendera mbili za rangi nyekundu na njano, na kati ya hizo ndipo watu huogelea. Nje ya hapo kunaweza kuwa na mkondo unaomvuta mtu kwenda ndani hata pale maji yanapoonekana yametulia kuliko kwingine, na utulivu huo ndio huwadanganya wageni. Mama alowanishe miguu tu. Kama anataka kujimwagia maji ya chumvi bila kupigana na mawimbi, kuna mabwawa yaliyojengwa kwenye miamba, ambayo hujazwa na bahari yenyewe, lakini angalieni utelezi. Kofia na mafuta ya kukinga jua ni lazima, hata siku ya mawingu. Jua la kule linachoma na ngozi nyeusi, msidanganyane.

Mkibahatika mtaona nyangumi. Kuanzia Septemba hadi Novemba huwa wanarudi kusini na watoto wao, na pale penye mnara wa taa ni mahali pazuri pa kuwatafuta kwa darubini. Mngoje kitu kama moshi mweupe juu ya maji.

Jambo dogo ambalo litawachanganya msipoambiwa ni kwamba usiku wa kuamkia Jumapili hiyo, saa 8 ya usiku kwa hesabu yetu, saa husogezwa mbele hadi saa 9. Simu itajirekebisha yenyewe, ila saa ya ukutani haitajirekebisha. Kuanzia hapo mtakuwa mbele ya Kenya kwa saa 8 na sio 7, kwa hiyo mkimpigia mtu wa Kisumu baada ya kifungua kinywa mtamwamsha usiku wa manane.

Mama Mwalimu, Kisumu

Tumepata kibanda cha usiku mbili, hakina ngazi, na dirisha la jikoni linatazama majini. Nimemsomea mama majibu yenu yote. Amekubali kuacha omena, kwa shingo upande. Amenituma niulize tena, kwa yule binti wa Nakuru, kama ana hakika kwamba hakuna kilima.

Binti Menengai, Nakuru

Mwambie mama nina hakika. Akae pale karibu na mnara wa taa atazame moja kwa moja mashariki. Nchi kavu inayofuata ni New Zealand, nayo iko karibu kilomita 2,000.