Mjadala: Mzazi akae darasani wiki ya kwanza ya chekechea, au aachie mlangoni aondoke?

Baba Kinda (mleta mada)
Wadau, tujadili bila matusi. Shule nyingi za awali zina utaratibu mmoja: mtoto anakabidhiwa mlangoni, mzazi unaondoka, anayelia analilia humo ndani. Ukiuliza unaambiwa "atazoea tu". Hoja yangu ni kwamba iwe sheria: mtoto wa miaka 3 aanze angalau wiki moja akiwa na mzazi, au mtu mwingine aliyemzoea, mle mle darasani. Wajerumani wana utaratibu uitwao wa Berlin. Siku 3 za kwanza mzazi anakaa pale na hakuna anayejaribu kumtenganisha na mtoto. Siku ya 4 ndipo anatoka kidogo, na mtoto asipotulizika anaitwa arudi hapo hapo. Ufaransa nako, tangu 2019 elimu ni lazima kuanzia miaka 3. Sasa kama dola ina nguvu ya kumlazimisha mtoto aende, inashindwaje kuilazimisha shule impokee polepole?

Sina Simile
Mkuu, anayelia hapo ni wewe, si mtoto. Mwalimu ana watoto ishirini, umwongezee na wazazi ishirini wenye simu mkononi? Mtoto anakulilia kwa sababu anakuona. Potea, dakika tano tu yuko kwenye matofali ya kuchezea. Na wanaosumbua nawajua, ni wale waliolelewa na bibi. Bibi anamharibu mtoto miaka mitatu, halafu lawama ziende kwa mwalimu.

Mwalimu wa Wadogo
Nafundisha umri huo, naomba niseme kidogo. Kilio cha mlangoni peke yake hakitwambii kitu. Mary Ainsworth, mwanasaikolojia aliyeanza kuwachunguza akina mama na watoto wachanga Uganda katikati ya miaka ya 1950, baadaye alibuni jaribio kwa watoto wa mwaka mmoja hivi: mama anatoka chumbani, hazizidi dakika 3, kisha anarudi. Kilichopewa uzito zaidi si kilio mama alipotoka, ni kile mtoto alichofanya mama aliporudi. Anamkimbilia, anatulia, anarudi kwenye mchezo? Au anamkwepa? Au anamshika huku anampiga? Kwa hiyo wazazi, badala ya kupimana kwa machozi ya asubuhi, tazameni saa ya kumchukua.

La pili, Sina Simile, hilo la "potea" silikubali hata kidogo. Ukimtoroka, kesho yake atakuganda tangu kitandani, maana amejifunza kwamba akigeuza macho unayeyuka. Muage. Kwa ufupi, kwa sauti ile ile ya kila siku, na umwambie utarudi baada ya jambo gani analolijua: baada ya kulala mchana, baada ya hadithi. "Saa tisa" kwake si kitu. Kuna wanaolia dakika kumi wakanyamaza, hao sina wasiwasi nao. Ninayemhofia ni yule asiyelia kabisa, hachezi, hali, hataki kuguswa na yeyote mpaka jioni. Wazazi wa huyo ndio huniambia kwa furaha, "wetu hakusumbua".

Bibi wa Wanne
Nani kasema bibi anaharibu mtoto?

Sina Simile
Shikamoo bibi. Sikukutaja wewe.

Bibi wa Wanne
Marahaba. Umetaja bibi, na mimi ni bibi. Wajukuu wanne wamepita mikononi mwangu kabla hawajaona mlango wa shule. Nimewafundisha kukaa chooni, kuvaa viatu, kuosha mikono, kusema naomba. Wakifika huko mwalimu anawasifu wazazi: "mmemlea vizuri". Wamemlea saa ngapi, kijana? Wanaondoka amelala, wanarudi amelala. Mtoto akiwa na adabu ni wa wazazi, akilia ni wa bibi!

Mama Pacha
Bibi, kwa heshima zote, Sina Simile kasema vibaya ila hajadanganya sana. Mama mkwe wangu nampenda. Lakini wiki ya kuanza chekechea aliwaweka pacha magotini akawaambia, "mkienda nitabaki peke yangu, nitalia." Mmoja akagoma kuvaa viatu. Tulidhani anaogopa shule, kumbe alikuwa anamlinda bibi yake. Mtoto wa miaka mitatu abebeshwe upweke wa mtu mzima?

Bibi wa Wanne
Asiambiwe kwamba atakumbukwa?

Mama Pacha
Aambiwe atakumbukwa, ndiyo. Ila asiambiwe kwamba akiondoka mtu ataumia. Hayo ni mambo mawili, mama.

Kalamu Butu
Mnazunguka bure. Sayansi ilishamaliza. Ule utafiti wa chekechea ya Perry kule Michigan, Marekani, miaka ya 60, waliopita chekechea walifuatiliwa mpaka wakafika miaka 40: kipato kizuri zaidi, kukamatwa na polisi kidogo zaidi. Bibi hashindani na chekechea, full stop ya Kiswahili ni nukta, nimeweka. Hata Montessori, yule mama wa Kifaransa mwenye shule za watoto wadogo, aliliona hilo zamani.

Mwalimu wa Wadogo
Mwitaliano. Daktari. Nyumba yake ya kwanza ya watoto ilifunguliwa Roma 1907. Na Perry usiikate vipande ukatupa kimoja. Walikuwa watoto 123 tu kwa jumla, na 58 ndio waliopata chekechea. Ilikuwa saa mbili na nusu kwa siku, na kila wiki mwalimu alikwenda nyumbani kukaa na mama na mtoto. Shule iliifuata familia. Huwezi kuuchukua utafiti huo ukampigia bibi nao.

Kalamu Butu
Mfaransa, Mwitaliano, kinachobadilika ni nini? Nimeleta hoja, wewe umekagua pasipoti.

Mwalimu wa Wadogo
Hoja nimeijibu pia. Soma mstari wa tatu.

Kalamu Butu
Walimu mna shida moja, mkitoka darasani hamtoki.

Baba Kinda
Jamani turudi kwenye mada. Mzazi akae darasani au asikae? Mpaka sasa hakuna aliyejibu kuhusu sheria.

Sina Simile
Nilikujibu wa kwanza, ukaninyamazia ukaanza kumsoma mwalimu.

Bibi wa Wanne
Mimi bado sijamaliza na Sina Simile. Hebu niambie. Mtoto akianza chekechea anaanza na mafua pia. Mjukuu wangu wa pili, mwaka ule wa kwanza, akitoka mafua anaingia kikohozi. Daktari akatuambia mtoto wa umri huo aliye na wenzake anaweza kupata mafua mara 8 mpaka 12 kwa mwaka na lisiwe jambo la ajabu. Haya, shule inapopiga simu "njooni mumchukue ana homa", nani anakwenda? Si bibi huyu huyu mharibifu?

Mama Pacha
Hapo nimenyoosha mikono. Ni kweli kabisa.

Mpita Kimya
Na akina baba je? Kwenye fomu ya shule, nafasi ya namba ya kwanza kupigiwa huandikwa ya mama hata kama aliyeshika kalamu ni baba.

Sina Simile
Sasa tumehamia kwa akina baba. Sawa, chinjeni.

Mpita Kimya
Swali dogo kaka, wala sikuchinji. Namba ya kwanza kwenye fomu ya mwanao ni ya nani?

Sina Simile
Ya mama yake, kwa sababu kazini kwangu simu hairuhusiwi.

Mama Pacha
Lakini humu unajibu kila baada ya dakika mbili.

Kalamu Butu
🤣🤣 Sina Simile, hapo omba maji.

Mpita Kimya
Na wewe Baba Kinda, sheria yako naipenda, lakini wiki hiyo ya kukaa darasani atakaa nani? Kama jibu ni mama, basi umetunga sheria ya kumnyima mama mshahara wa wiki.

Baba Kinda
Ndiyo maana nikasema mzazi AU mtu aliyemzoea. Na sheria iende pamoja na likizo ya mzazi yeyote, yenye malipo. Bila hiyo, kweli, itawafaa wenye kazi zao binafsi tu.

Sina Simile
Tumetoka kwa mtoto, tumepita kwa bibi, sasa tuko kwa mwajiri.

Baba wa Mmoja
Mimi nilikaa. Kwetu waliruhusu. Mwalimu aliniuliza kila asubuhi, "mama yake yuko wapi?" Kila asubuhi! Wazazi wengine wakawa wananitazama kama fundi aliyekuja kurekebisha bomba. Mtoto alizoea kabla yangu. Halafu mnatuuliza kwa nini akina baba hawaji.

Mwalimu wa Wadogo
Mwenzangu alikosea, na si yeye peke yake. Lakini kaka, wengi wenu mkija mnasimama ukutani. Kaa chini sakafuni, usimchezeshe wewe, mwache aende kwa wenzake na akirudi akukute. Basi, hiyo ndiyo kazi yote.

Baba wa Mmoja
Nilikaa sakafuni. Wakanikalia watoto wanne, na wa kwangu hakuwemo.

Bibi wa Wanne
Hao wanne ndio wa bibi. Wanajua kukaa na mtu mzima.

Sina Simile
Bibi, umeshinda. Nakwenda kazini.

Mama Pacha
Kumbe hukuwa kazini?