"Mpisheni mgonjwa!": upawa wa pili ulikuwa wa nini?

Wakuu, naandika nikiwa bado nimesimama, kwa sababu hasira imeninyima hata nafasi ya kuketi. Mnamfahamu yule bwana wa chipsi wa pale stendi, na sina haja ya kumtaja, kwa kuwa hakuna shati la mtu wa upande huu wa Dar es Salaam ambalo halijawahi kulala na harufu ya karai lake. Wiki iliyopita nilipimwa, nikaambiwa lehemu imepanda na kwamba nipunguze vyakula vya kukaanga. Nikaamua kushuka kutoka zege, yaani chipsi mayai, la kila jioni hadi zege la Ijumaa tu. Leo nimekwenda, nikainama, nikamwomba kwa sauti ya chini kama mtu anayekopa: "Kaka, naomba unipunguzie mafuta."

Akanitazama. Akachota upawa mzima wa mafuta yale meusi, ambayo naamini yalianza kazi kabla ya mabasi ya mwendokasi, akaumwaga juu ya mayai yangu na kuitangazia foleni: "Mpisheni mgonjwa!" Upawa mzima, wakuu! Hata mtoto aliyetumwa chipsi kavu alicheka. Nilipoeleza kwamba siumwi bali najihadhari, akaongeza upawa wa pili. Sitaki ushauri. Nataka kuelezwa upawa wa pili ulikuwa wa nini.

Pilipili Mbuzi: Pole, mkuu, lakini umesimulia yote hayo bila kutuambia kama zege lenyewe ulilila.

Mleta uzi: Nililila, kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kulipa. Hilo haliondoi tusi. "Mpisheni mgonjwa", mbele ya mama mkwe wangu mtarajiwa!

Ndoo ya Mwisho: Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, ilhali ya wanga ina 4, kwa hiyo upawa ule ni mlo mwingine kamili. Isitoshe, mafuta mengi huingia ndani ya chipsi zinapopoa baada ya kutolewa kwenye karai. Ungemwomba azikung'ute vizuri zikiwa bado za moto, usingedhalilika.

Pilipili Mbuzi: Profesa wa karai amewasili. Mpisheni.

Kitumbua Baridi: Nyinyi mnalia na upawa? Mama wa maandazi wa mtaani kwetu, ambaye nanyi mnamjua, andazi lake ukilibana linatoa mafuta ya kuwashia koroboi, naye huliviringisha katika karatasi ya mtihani wa mtoto wa watu. Jana wino wa hesabu ulihamia kwenye andazi langu, na mtoto mwenyewe alikuwa amepata 12 kati ya 50.

Kigae: Afadhali andazi. Shemeji yangu amenunua kile kikaangio cha hewa ya moto, na tangu hapo hakuna mgeni anayeondoka kwake bila kuhutubiwa. Siku ya Idi alituandalia sambusa kavu kama vigae, akatusimamia mpaka tukazisifu.

Kitumbua Baridi: Shemeji wa namna hiyo ninaye pia, ila wa kwangu huchemsha hata samaki wa kukaanga.

Mleta uzi: Naomba turudi kwenye upawa wa pili.

Pilipili Mbuzi: Kuna anayejua kama yule bwana bado hajafunga?

Kigae: Hajafunga, nami niko kwenye foleni yake. Mafuta ni yaleyale, ila kachumbari imekwisha.