Sridevi: uigizaji upi unazidi, wa Sadma, ChaalBaaz au English Vinglish?

Mwanzisha mada
Ndugu wanajukwaa, naomba tulinganishe kazi tatu za marehemu Sridevi, mwigizaji wa filamu za India: Sadma (1983), ChaalBaaz (1989) na English Vinglish (2012). Mimi naitanguliza Sadma. Nehalata anapata ajali ya gari, kumbukumbu zinampotea na akili yake inarudi utotoni, kiasi kwamba mwili unabaki wa mwanamke mzima ilhali namna anavyonuna, anavyodeka na anavyomng'ang'ania mwalimu aliyemtoa danguroni ni ya mtoto mtupu. Wengi hulia mwishoni kwa ajili ya Kamal Haasan, aliyeigiza mwalimu huyo, anayejigeuza nyani pale kituo cha treni ili akumbukwe. Mimi hunitoa machozi uso wa Sridevi ndani ya treni, usioonyesha hata chembe ya kumfahamu.

Kijana wa Makadara
Hoja yako ina uzito, lakini machozi si kipimo pekee, na kuchekesha ni kazi ngumu zaidi. Katika ChaalBaaz yeye ni pacha wawili, Anju aliyelelewa kwa vitisho na Manju asiyemwogopa mtu. Hata wanapobadilishana nafasi, mabega yake tu yanatosha kukuambia unamtazama yupi. Tuzo ya Filmfare, ya filamu za Kihindi, ya mwaka huo aliipata kwa kazi hiyo, si kwa Chandni, filamu yake nyingine iliyovuma sana.

Mama Tunu
Wanangu, nyote mmeisahau sauti. Sridevi alizaliwa Tamil Nadu, akaanza kuigiza angali mtoto mdogo, na alipoingia katika filamu za Kihindi lugha hiyo ilimpa taabu, hata katika kadhaa kati ya hizo za mwanzo sauti tuliyoisikia ilikuwa ya mtu mwingine. Sasa mtazameni Shashi wa English Vinglish, mama anayeuza laddu, vitamu vya Kihindi, anayechekwa na mumewe na binti yake kwa sababu ya Kiingereza, kisha anaaibishwa mbele ya foleni katika mkahawa wa New York kwa kushindwa kuagiza kahawa. Hapigi kelele, anababaika, anaangusha vitu, anatoka nje akitetemeka. Baada ya miaka 15 tangu filamu ya Judaai, alirudi na jambo alilolijua kwa mwili wake.

Msomaji wa Usiku
Naongeza kwa ufupi kwamba Tuzo ya Taifa ya India alipewa kwa Mom (2017), baada ya kufariki Februari 2018. Filamu yenyewe, kwa maoni yangu, ni ya kulipiza kisasi tu, na haifikii hizo tatu.

Mwanzisha mada
Mama Tunu, shikamoo. Hilo la sauti sikuwa nimeliunganisha na Shashi, na nitaitazama upya English Vinglish kwa jicho hilo. Hata hivyo Sadma siiondoi nafasi ya kwanza, kwa kuwa pale kituoni hakuwa na neno hata moja la kumsaidia.