Siku ya pili ya sikukuu kwa msafiri: nifuate ya kwetu au ya niendako?

Msafiri wa Nisani:
Ndugu zangu, shalom. Mimi ni Myahudi ninayeishi ughaibuni, na Pasaka ijayo, Mungu akipenda, nitakuwa Yerusalemu kwa majuma mawili kisha nirejee nyumbani. Kwetu Pasaka ni siku nane, yaani siku mbili za sikukuu mwanzoni na mbili mwishoni, ilhali wenyeji wangu hushika moja mwanzoni na moja mwishoni, na yao humalizika siku ya saba. Wahenga walisema ukienda kwa wenye chongo, nawe fumba lako jicho. Je, halakha, yaani sheria ya dini yetu, inasema hivyo pia, au usiku wa pili nitaketi peke yangu kwenye meza ya Sederi, karamu ya usiku wa Pasaka, huku mwenye nyumba akiwasha jiko na kujibu simu kama siku ya kawaida?

Mwanafunzi wa Mishna:
Ndugu Msafiri, methali hiyo haikuokoi hapa. Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za Kiyahudi, katika kitabu cha Pesahimu sura ya 4, inamtwika msafiri ukali wa alikotoka pamoja na ukali wa alikofika, na papo hapo inamwonya asijitenge na watu kwa namna itakayozua ugomvi.

Chanzo cha siku ya pili ni mwandamo wa mwezi. Zamani baraza la Yerusalemu lilitangaza mwezi mpya baada ya kuwahoji mashahidi waliouona, na habari ikasafiri kwa mioto iliyowashwa kilele hadi kilele kuanzia Mlima wa Mizeituni. Wasamaria walipoanza kuwasha mioto ya uongo, wakatumwa wajumbe, ambao hawakuweza kufika mbali kabla ya tarehe 15, Pasaka inapoanza. Waliokuwa mbali hawakujua kama mwezi uliopita ulikuwa na siku 29 au 30, wakashika siku mbili. Kalenda ya hesabu iliiondoa shaka hiyo, lakini Talmudi, yaani ufafanuzi wa Mishna, katika kitabu cha Betza, inasimulia kwamba watu wa Babeli waliagizwa kutoka nchi ya Israeli washike desturi ya baba zao. Kwa hiyo siku ya pili leo ni desturi, na swali lako kwa hakika ni hili: desturi hiyo imemshika mtu, au imeshika ardhi?

Rabi Yosef Karo wa Safed, katika karne ya 16, alishika la kwanza: mgeni mwenye nia ya kurejea kwao hushika siku mbili hata akiwa Israeli. Rabi Tzvi Ashkenazi alishika la pili, kwamba mgeni hufuata ardhi anayoikanyaga, hivyo siku moja yamtosha. Rabi Shmuel Salant wa Yerusalemu alipita katikati, kwamba mgeni aache kazi zote zilizokatazwa siku ya pili lakini asali kama wenyeji. Watu huiita kwa utani siku moja na nusu. Wengi wanamfuata Karo, nami naona hoja yake ina uzito zaidi, kwa kuwa majuma mawili hayamhamishi mtu.

Mkaazi wa Yerusalemu:
Naongeza upande wa pili, maana sisi tukisafiri hubanwa zaidi. Mtu wa Israeli aliye katika mji wa Wayahudi ughaibuni hafanyi kazi siku ya pili hata chumbani mwake, kwa sababu jambo la namna hiyo halikosi kujulikana. Sala zake ni za siku za kawaida, ila husali kimyakimya. Siku ya nane ya Pasaka huvaa faraghani tefilini, vijisanduku vya maandiko vya sala za siku za kawaida, kisha hutoka akiwa amevaa nguo za sikukuu kama wengine.

Kwako wewe, ugumu utakuja mwishoni kuliko usiku wa Sederi. Jioni inayofunga siku ya saba utaona majirani wanashusha vyombo vya mwaka mzima kutoka kabatini, na kabla ya usiku kukomaa mkate wa moto utakuwa mezani kwao, nawe bado una siku nzima ya matza, mkate usiotiwa chachu.

Msafiri wa Nisani:
Nawashukuru. Je, mwanafunzi anayekwenda kusoma huko mwaka mzima yuko kundi langu?

Mwanafunzi wa Mishna:
Huyo ndiye anayewagawa marabi hadi leo. Wengine wanaitazama nia yake ya kurejea na kumhesabu mgeni, wengine wanasema makazi ya mwaka mzima si safari tena. Aliyehama na mke na watoto ana hoja nzito zaidi ya kuhesabiwa mwenyeji. Kila mmoja na amuulize rabi wake kabla ya kufunga mizigo, asingoje usiku wenyewe.

Msafiri wa Nisani:
Nimemuuliza wangu: siku mbili kamili, pamoja na Sederi ya pili. Mwenye nyumba ameahidi kuniachia ncha moja ya meza na kabati dogo la matza, akasema mkate wake atakula barazani.