Ushauri: Nataka kupendezesha Toyota 86 kwa sura tu, injini siigusi (nipo Mtwara)

Chikongola_Kwetu (mleta mada)

Wakuu, habari za majukumu. Nina Toyota 86 ya 2013, nyeupe. Injini, ekzosi na springi siigusi kabisa, ninachotaka ni sura: boneti na paa viwe vyeusi visivyong'aa, lipu ya mbele (ule mdomo wa kuongeza chini ya bampa), spoila nyuma, rimu zijae kwenye fenda na kalipa (vikamata pedi za breki) ziwe nyekundu. Njia zangu ni mjini hapa, Mikindani, na Lindi mara kwa mara.

Fundi anasema boneti apulize rangi na buti alitoboe afunge spoila kwa bolti. Wengine wananiambia rapu (plastiki ya kubandika juu ya rangi) na gundi. Naomba vipimo na sababu, na kipi hakidumu huku pwani. Mnaotaka kunishauri niuze ninunue Noah, ujumbe wenu umeshafika.

---

FundiStika

Mkuu, boneti na paa weka rapu. Rangi nyeusi isiyong'aa ina tabu moja kubwa: ikikwaruzwa haipigwi polishi. Ukiisugua, pale uliposugua panang'aa, na dawa yake ni kupuliza boneti zima upya. Rapu ikichoka inabanduliwa, na nyeupe ya kiwandani unaikuta chini kama ulivyoiacha.

Ila ujue unanunua nini. Ipo rapu ya kalenda, hiyo inayotengenezwa kwa kukandamizwa na rola. Ni nene, ni rahisi, na ndiyo inayotumika kwenye mabango. Jua likiichoma inajivuta kurudi ilivyokuwa, kona zinanyanyuka, na pembeni unabaki mstari wa gundi unaokamata vumbi. Unayoitaka ni ya kasti, yaani iliyomiminwa, nyembamba, yenye mifereji ya hewa kwenye gundi. Upana wa roli la rapu ni mita 1.52. Kwa boneti, paa na vioo vya pembeni, mita 5 zinatosha, na zinabaki za kurudia ukiharibu kipande. Pima boneti sehemu yake pana pamoja na kingo za kukunjia kabla hujakata.

Kazi yenyewe: osha kwa sabuni isiyo na nta, pitisha udongo wa kusafishia rangi, kausha, kisha futa kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 70. Kingo na upande wa ndani wa mdomo wa boneti ndiko watu wanakoruka, na ndiko rapu inakoanza kuachia. Ufutaji wa mwisho ufanye palepale unapotaka kubandika, usifute jana yake. Gari likilala nje Shangani, asubuhi pitisha kidole kwenye boneti: kuna utando wa chumvi unaonata. Ukibandika juu ya huo, gundi imeshika chumvi, haijashika gari.

Bandika asubuhi mapema, ndani ya chumba, sakafu imemwagiwa maji ili vumbi litulie. Bati likishapata moto wa mchana gundi inang'ata mguso wa kwanza, huwezi kunyanyua na kurekebisha. Usivute sana kwenye mikunjo. Tumia mashine ya hewa moto kuilegeza, iache ilale yenyewe. Acha milimita 5 au 6 za kukunja kwa ndani, na ukate kwa tepu yenye uzi, maana wembe juu ya bodi unachora rangi. Mwisho pasha kingo zote mpaka nyuzi joto 95 hivi, upime kwa kipimajoto cha mwanga. Hatua hii mafundi wengi wanaiacha, kisha wanailaumu rapu.

Angalia pia kama boneti limewahi kupigwa puti na kupakwa upya, kwa sababu rangi ya namna hiyo huondoka na rapu siku ya kubandua. Watu hupima kwa sumaku. Kwako haisaidii: boneti la 86 ni alumini, sumaku haishiki hata likiwa jipya. Tazama vichwa vya bolti za bawaba kama rangi imechubuka, na mipira ya kuzunguka kama ina matone ya rangi.

Na msimu wa korosho usiegeshe chini ya mkorosho. Maji ya mabibo yanaacha doa, na juu ya rapu isiyong'aa doa hulisugui likatoka. Futa kabla halijakauka.

---

RimuNaTairi

Mimi nazungumzia rimu tu, maana hapa ndipo watu wanaponunua vitu visivyoingia.

Hilo gari lina nembo ya Toyota lakini habu (vitovu ambako rimu inafungwa) ni za Subaru, kwa kuwa ni pacha wa Subaru BRZ. Matundu ni 5x100, yaani bolti tano kwenye duara la milimita 100, na tundu la katikati ni milimita 56.1. Rimu nyingi za Toyota zenye 5x100 zina tundu la 54.1, yaani matundu ya bolti yatalingana vizuri kabisa lakini rimu haitakaa kwenye habu. Usikubali mtu aichonge kwa grainda. Uchongaji wa sawa hufanyika kwenye mashine ya lesi, na kwa milimita mbili hizo bora utafute rimu nyingine.

Nati nazo: uzi wa 86 ni 12x1.25 (unene milimita 12, hatua ya uzi 1.25). Nati za kawaida za Toyota ni 12x1.5. Zinaingia mizunguko miwili kisha zinakaza, fundi anadhani ni kutu, anaongeza bomba kwenye spana, na uzi wa stadi (bolti ya habu) umekwisha.

Rimu ya kiwandani ni 17x7, ofseti +48 (umbali wa uso wa kufungia kutoka katikati ya rimu; ikipungua rimu inatoka nje), tairi 215/45R17. Ili zijae kwenye fenda chukua 17x8 ofseti +42 na tairi 225/45R17. Hesabu yake: upande wa nje unatoka milimita 18.7, wa ndani unaingia milimita 6.7. Inakaa bila kugusa kitu kama springi ni za kiwandani. Inchi 18 inapendeza zaidi, sikatai, lakini kwa tairi 225/40 ukuta wa tairi unashuka kutoka milimita 97 hadi 90, na shimo moja lililofunikwa na maji ya masika linapinda rimu. Mimi ningebaki na 17.

---

Chikongola_Kwetu

Asante mkuu. Kwa hiyo rimu za Subaru Impreza zinaingia? Kuna mtu anauza za STI, ile Impreza yenye nguvu. Na speisa (visahani vya kusogeza rimu nje) vipi, zisingenitosha na rimu hizi hizi?

---

RimuNaTairi

Za Impreza zenye 5x100 zinaingia bila shida, habu ni ileile. Za STI uliza mwaka kwanza: kuanzia modeli ya 2005 STI ilihamia 5x114.3, hizo hazifai. Usimwamini muuzaji, pima.

Speisa ya milimita 5 inavumilika kama nati bado inashika uzi wa kutosha, angalau mizunguko minane. Kuanzia milimita 15 nunua zile zinazofungwa kwa bolti zake zenyewe na zenye kola (ukingo wa kukaa kwenye habu) ya 56.1 ndani na nje. Speisa bapa nene zisizo na kola zinakutetemeshea usukani kwenye mwendo, na utazunguka na balansi mpaka uchoke.

---

BodiNaBampa

Lipu: kabla ya umbo, uliza imetengenezwa kwa nini. Faiba ni rahisi na inapendeza, ila ikigusa tuta inapasuka kama kigae. Karboni ni hivyohivyo, kwa bei kubwa zaidi. Chukua ya poliyurethani, inayopinda na kurudi. Gari lako lina sentimita 13 hivi tu kutoka chini, na lipu nyingi zinashusha mdomo kwa sentimita 3 mpaka 5. Kabla hujalipa, bandika kadibodi ya kimo hicho chini ya bampa kwa tepu, pita polepole kwenye matuta unayoyapita kila siku. Kadibodi ikirudi imekunjwa, umepata jibu bure.

Ukiagiza Dar taja kuwa ni ZN6 (namba ya modeli ya gari lako) ya kabla ya mabadiliko ya 2016, wauzaji wa vitu vya Japani huiita zenki. Bampa la kouki, lililokuja baada ya hapo, lina umbo jingine, na lipu yake haitalala kwenye lako hata ukiipasha moto siku nzima.

Funga kwa skrubu za chuma kisichoshika kutu kutoka chini, zenye washa pana, kila sentimita 15 hivi, na tepu ya pande mbili kwenye ukingo wa juu. Tepu peke yake haitoshi kwa lipu, upepo unaisukuma na mchanga unaingia kwenye mwanya. Na ufukweni Msimbati ukienda na lipu, gari liishie kwenye ardhi ngumu.

Spoila ndogo ya mkia wa bata: usitoboe. Tepu ya akriliki ya 3M ya aina ya VHB inaibeba. Futa kwa alkoholi, paka praima ya tepu, bandika, kandamiza kote kwa nguvu. Baada ya saa 24 gundi imefika kama asilimia 90 ya nguvu yake, baada ya 72 imekamilika. Kabla ya hapo gari lisioshwe.

---

KutuHaliniPati

Naongezea kwa @BodiNaBampa. Kutoboa siyo dhambi, dhambi ni kutoboa halafu ukafunga hapohapo. Spoila kubwa ya kusimama kwa miguu lazima ipate bolti, kwa sababu upepo unaivuta na tepu ikiachia itampata wa nyuma yako.

Ukitoboa: bandika tepu ya karatasi, weka alama, anza na keekee ya milimita 3 kisha 7 kwa bolti ya M6. Lainisha mdomo wa tundu kwa tupa ndogo. Nyonya chenga zote za chuma kwa mashine, zikibaki ndani ya buti zinaota madoa ya kutu. Paka praima ya zinki, iache ikauke, paka rangi, iache ikauke, ndipo bolti yenye washa ya mpira na silanti ya poliyurethani. Silikoni inayonuka kama siki usiitumie, ile harufu ni asidi na inakula chuma palepale ulipotaka kukikinga. Kwa hewa ya huku tundu tupu halikupi muda.

Ila kwa mkia wa bata nakubaliana, tepu.

---

TaratibuTu

Rangi ya gari imeandikwa kwenye kadi. Boneti na paa sioni shida, lakini ukija kugeuza gari zima nenda TRA wabadilishe taarifa. Usifunike namba kwa plastiki nyeusi, na mbele usifunge taa nyekundu.

---

Chikongola_Kwetu

Nimeelewa, buti halitobolewi. Kalipa zipakwe vipi, na nianze na kipi?

---

KutuHaliniPati

Anza na rimu na kalipa siku moja, kwa kuwa matairi yatakuwa yametoka. Brashi ya waya, dawa ya kusafishia breki, kisha rangi ya kalipa inayostahimili joto, kwa brashi, mikono miwili au mitatu myembamba. Ziba kwa tepu nipeli ya kutolea hewa, mipira ya vumbi, pini za kutelezea na pedi. Rangi ikiingia kwenye pini kalipa inaganda upande mmoja na pedi zinalika bila usawa. Vifuniko vya plastiki vya kuigiza kalipa kubwa achana navyo.

Kisha rapu, kisha spoila. Lipu iwe ya mwisho.

---

RimuNaTairi

Na nati zikazwe kwa spana ya toki, 120 Nm, kwa mtindo wa nyota, gari likiwa limeshushwa chini. Rimu mpya hulegea kidogo zikishakaa. Safari ya kwanza ya Lindi ni kama kilomita mia moja na kidogo: ukifika, subiri zipoe, kaza tena kwa kipimo kilekile kabla hujageuza.