Mgombea urais wa chama achaguliwe na nani? Mjadala wa watu wa Lamu

Mwenye mada, Langoni

Juzi baada ya Isha tulikuwa barazani watu saba, birika la kahawa chungu katikati. Kijana mmoja anayepakia mchanga kwa punda akauliza: "Hivi huyu mgombea wa urais, mimi humchagua lini?" Tukamwambia Agosti 10, 2027. Akasema, "Siulizi hiyo. Nauliza ile ya kwanza, ya chama. Ile ya kusema awe huyu, asiwe yule."

Hakuna aliyemjibu. Nimelala na swali hilo siku tatu, ndiyo maana naandika.

Diwani tunampigia kura ya mchujo ndani ya chama. Mbunge vilevile, na gavana. Masanduku huletwa shuleni, tukapanga foleni, kura zikahesabiwa usiku kwa mwanga wa simu. Rais peke yake ndiye hutufikia akiwa jina tayari. Mwaka 2002 Rais Moi alimtaja Uhuru Kenyatta miezi kadhaa kabla wajumbe wa chama chake cha KANU hawajakutana Kasarani, Nairobi, na Oktoba 14, siku ya mkutano wenyewe, kule Uhuru Park Raila Odinga akamaliza shughuli ya upinzani kwa maneno mawili: "Kibaki Tosha", yaani Mwai Kibaki anatosha. Machi 2022 muungano wa Azimio na chama cha UDA walifanya mikutano yao ndani ya wiki moja, na kila upande jina lilikuwa moja tu.

Mara ambayo tulijaribu kweli ni Septemba 1, 2007. Chama cha ODM walipiga kura Kasarani: Raila 2,656, Musalia Mudavadi 391, William Ruto 368. Najib Balala wa kwetu Pwani alikuwa ameshajitoa na kumuunga mkono Raila. Jumlisha kura hizo: 3,415. Watu 3,415 waliamua kwa niaba ya mamilioni, na hiyo ndiyo siku yetu bora!

Miezi minne baadaye, Januari 2008, nchi yetu inawaka moto kwa matokeo ya uchaguzi wa Desemba, sisi huku tukisikiliza redioni jinsi chama cha Democratic cha Marekani kinavyotafuta mgombea wake. Januari 3 Barack Obama akashinda Iowa. Siku tano baadaye Hillary Clinton akashinda New Hampshire. Wakaenda hivyo, jimbo baada ya jimbo, hadi Juni 7 mama yule aliposimama akakubali kushindwa. Novemba Rais Kibaki akatupa siku ya mapumziko kwa ushindi wa Obama. Tulishangilia sana matunda ya mti ambao sisi wenyewe hatujaupanda.

Angalieni New Hampshire ilivyo ndogo kule Marekani. Ila kwa kuwa hupiga kura mapema, mtu anayetaka kutawala nchi ile kubwa hulazimika kuingia mgahawani, avue koti, ajibu maswali ya fundi bomba. Lamu kwa sensa ya 2019 tulikuwa watu 143,920. Kwa hesabu ya kura za taifa sisi ni punje. Lakini Katiba ya 2010 imetupa kitu ambacho hatukitumii: mshindi wa urais lazima apate, pamoja na zaidi ya nusu ya kura zote, robo ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti, yaani kaunti 24. Kwa kipimo hicho Lamu ni moja na Nairobi ni moja.

Hoja yangu ni kwamba kila mwanachama apige kura ya kumchagua mgombea urais wa chama chake, katika wadi yake, na kipimo cha kaunti kitumike humo pia. Sasa hivi upinzani unazungumzia kumpata mgombea mmoja wa 2027, na wanaotajwa ni Kalonzo Musyoka, Rigathi Gachagua, Fred Matiang'i, Martha Karua na wengine. Atapatikana vipi huyo mmoja? Mezani, kwa makubaliano ya wakubwa? Semeni.

Mvuvi, Kizingitini

Mimi sina chama na sitaki kadi. Lakini nakuunga mkono, na sababu yangu ni ya baharini.

Bandari ya Lamu ilianza kupokea meli Mei 2021. Kule walikochimba mkondo wa meli ndiko tulikokuwa tukitega. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua wavuvi tulipwe fidia, shilingi bilioni 1.76. Tumeimba wimbo huo miaka yote, tarehe imebadilika, na chombo changu kidogo hakiwezi kwenda mbali nje ya mwamba wakati wa kusi. Nina swali moja la kumuuliza anayetaka kuwa rais: samaki wamehama, sisi utatuhamishia wapi?

Nikimuuliza Julai 2027 ameshapata tiketi. Ana hesabu zake za milima na mabonde, kura zangu anaweza kuzikosa na bado akashinda. Nikimuuliza kabla hajapewa tiketi, ananihitaji. Saa ya kumuuliza mtu ni pale mkono wake bado uko chini ya wako.

Mzee, Mkomani

Mwanangu wa Langoni, nimesoma maneno yako, na kwa mapenzi nakukatalia.

Mgombea urais si diwani. Watu elfu wanaomjua, waliofanya naye kazi, wanaweza kuona kasoro ambayo umati hauioni. Jirani zetu wa Tanzania mwaka 2015, wanachama 38 wa chama tawala, CCM, walirudisha fomu za kuomba urais. Wakachujwa hadi watano, kisha watatu: John Magufuli, Asha-Rose Migiro na Amina Salum Ali. Edward Lowassa, aliyekuwa na umati mkubwa nyuma yake, hakufika hata kwenye tano bora. Magufuli ambaye wengi hawakumtia hesabuni ndiye aliyeibuka Dodoma. Mtu anaweza kumpenda au kumchukia, lakini lile lilikuwa chekeche kweli. Vikao vilikaa, majina yakakatwa.

Na Marekani unayoisifu, hadi 1968 wakubwa wa chama ndio waliokuwa na neno la mwisho. Mwaka huo Hubert Humphrey alipewa tiketi pale Chicago bila kushindania hata mchujo mmoja, ndipo kukazuka ghasia wakabadilisha kanuni. Hata baada ya kubadilisha, miaka ya themanini wakarudisha viti vya wakubwa ndani ya mkutano, kwa sababu waliona umati nao hukosea.

Moja nitakukubalia, kwa sababu nililiona kwa macho. Niliwahi kuwa mjumbe. Chama sikitaji. Tuliondoka gatini alfajiri kwa boti hadi Mokowe, tukapanda basi la Mombasa, na kutoka hapo usiku kucha hadi Nairobi. Tulifika na vumbi la Witu bado liko kwenye kanzu. Tukavishwa kadi shingoni zenye namba, tukaketishwa nyuma kabisa, nguzo mbele yangu. Msemaji akasema "wanaoafiki", na kabla hajamaliza neno mikono ilikuwa juu. Wangu pia. Nikauliza jirani yangu, mama mmoja kutoka Wajir, tumeafiki nini? Akaniambia, "Ngoja, watatusomea."

Sijawahi kusimulia hilo barazani. Lakini dawa yake ni wajumbe wa kweli, waliochaguliwa na wadi zao, wanaopewa nafasi ya kusema hapana. Siyo kumwaga sanduku kila kijiji.

Mama, Shela

Mtasema sanduku kila kijiji ni gharama. Helikopta ya mgombea inayotua hapa dakika ishirini ikaondoka, mafuta yake yanalipwa na nani?

Mwalimu, Mpeketoni

Mimi niko kati yenu, na nina hofu ambayo nyinyi wa kisiwani hamuijui vizuri.

Huku tumechanganyika, watu wa makabila mengi, mashamba yamepakana. Juni 2014 watu wetu wengi waliuawa, na baada ya msiba kila neno la mwanasiasa lilikuwa kama kiberiti karibu na makuti. Kampeni ya Agosti peke yake hututosha. Ukiongeza miezi ya mchujo wa urais, ndani ya chama kimoja, majirani kwa majirani, nani atatulinda? Aprili 2017 chama cha Jubilee walilazimika kufuta mchujo wa siku ya kwanza katika kaunti nyingi kwa fujo na upungufu wa karatasi. Hiyo ilikuwa ya magavana na wabunge. Sasa fikirieni ya urais.

La pili ni siri ya kura. Nilikuwa msichana mdogo mwaka 1988, wakati wa mlolongo. Watu walijipanga nyuma ya mwenye picha ya mgombea, mwajiri anakuona, chifu anakuona. Baba alisimama kwenye foleni ndefu, na jioni tukasikia redioni kwamba foleni fupi imeshinda. Aliingia ndani akalala bila kula. Kwa hiyo mtu akiniambia wanachama wapige kura, namuuliza kwanza: kwa karatasi na sanduku, au kwa kujipanga? Nikisikia neno kujipanga, afadhali wajumbe wa Mzee wetu wa Mkomani.

Kijana, Malindi

Nyote mnagombania paa, nyumba haina msingi. Mwanachama ni nani?

Mwaka 2021 Msajili wa Vyama alipofungua njia ya mtu kujiangalia, nilijikuta ni mwanachama wa chama ambacho sijawahi kukanyaga ofisini kwake. Namba ya kitambulisho ni yangu, jina ni langu, hata la babu limeandikwa sawasawa. Saini sijui ni ya nani. Nadhani iliokotwa kwenye daftari la mlinzi, yale tunayoandika tukiingia kwenye majengo. Ilinichukua muda kujitoa.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sheria ya vyama iliyorekebishwa Januari 2022 inasema anayepiga kura ya mchujo awe kwenye daftari la chama. Daftari likiwa limejazwa majina ya kuokota, basi mshindi wa mchujo huo wa wanachama wote atakuwa mwenye karani, na tutakuwa tumempa baraka ya umma juu yake.

Halafu muwe wakweli kuhusu Marekani. Mwaka 2024 Joe Biden alishinda karibu mchujo wote ule, Julai 21 akajitoa, na Kamala Harris akapewa tiketi na wajumbe bila mwananchi kumpigia kura ya mchujo mwaka huo. Novemba akashindwa. Hata wenye utaratibu, ukiwabana, hurudi kwa wajumbe.

Mwenye mada, Langoni

Mzee wangu, shikamoo. Nguzo yako ya Nairobi imenigusa kuliko hoja yako. Chekeche la Dodoma nakubali lilikuwa chekeche. Lakini Januari 2025 mkutano wa chama kilekile ulimpitisha Rais Samia jina moja, na safari hii hapakuwa na wa kuchekecha. Wajumbe hufanya kazi pale wakubwa wanapokuwa hawajaelewana. Wakielewana, mjumbe hana la kufanya ila kuinua mkono. Mwananchi kwenye sanduku hahitaji ruhusa ya mtu.

Mwalimu, hapo nimeshindwa na nasema wazi. Karatasi na sanduku, na kura ipigwe siku moja au mbili kwa mkoa mzima, siyo kuburuta miezi sita. Kujipanga nyuma ya mtu, hapana kabisa. Habari ya baba yako nimeisoma mara mbili.

Kijana wa Malindi, kwa Harris umesema kweli, ila yule alikuwa ndiye makamu wao, na waliokuwa wakimpinga walikuwa na siku chache. Sisi tunafanya hivyo kila mara, tukiwa na miaka mitano ya kujiandaa. Mei 2022 Azimio waliunda jopo la kuwahoji waliotaka kuwa mgombea mwenza. Watu wazima wakaitwa mmoja mmoja kujieleza kwa nafasi ya pili. Nafasi ya kwanza haikuhojiwa na yeyote. Kama jopo liliwezekana kwa naibu, halikuwezekana kwa bosi?

Kuhusu daftari, sina jibu la kukushinda. Lazima lisafishwe kwanza, kila mtu athibitishe mwenyewe kwa simu yake, na orodha ibandikwe ukutani kwenye wadi kama orodha ya wapiga kura. Bila hilo naondoa hoja yangu hadi litakapofanyika. Mvuvi wa Kizingitini atanilaumu, kwa sababu mkono wa mgombea uko chini ya wake sasa, siyo mwakani.

Jana usiku tulimrudia yule kijana wa punda. Tukamwambia atoe simu ajiangalie kama yuko kwenye chama. Alikuwamo. Chama chenyewe alikisoma kwa kuunganisha herufi, kisha akatuuliza ofisi yake iko wapi hapa Lamu. Tulikuwa tisa safari hii, na mmoja wetu amewahi kugombea udiwani. Hatukujua. Akauliza basi mjumbe wa wadi yetu, yule atakayekwenda Nairobi kumchagulia rais, ni nani.

Anayemjua amlete barazani Ijumaa baada ya Alasiri. Hatutamtukana wala kumlaumu. Tunataka tu aketi, anywe kahawa, asikie la mvuvi na la mwalimu kabla hajapanda boti.