Watoto wa grade 2 Cebu wanakwama kusoma Kifilipino, walimu nisaidieni

ShangaziCebu: Jamani nimeolewa huku Ufilipino, jioni nawasomesha watoto wachache wa mtaani, ba be bi bo bu wanaitiririsha vizuri tu ila ukimuuliza mtu umesoma nini anakutolea macho. Juzi kuna kabinti kalisoma "Ang langgam ay maliit" bila kukosea herufi hata moja, nikakaambia haya chora, kakachora kandege. Langgam kwa Kitagalog ni sisimizi, kwa Kibisaya cha hapa Cebu ni ndege! Sasa naanzia wapi?

mwl_wa_KKK: Pole dada. Huyo kusoma anajua, lugha ndo hana. Kifilipino msingi wake Kitagalog, na kwao wanaongea Kibisaya, ni yale yale ya mtoto wa Kisukuma kijijini anayekutana na Kiswahili la kwanza. Kitabu weka pembeni kwanza, simulia hadithi kwa mdomo, chagua maneno machache magumu, waonyeshe kwa picha na vitendo, ndo wafungue ukurasa. Wakimaliza wakusimulie kwa Kibisaya, maana ukiwabana waseme Kifilipino unapima kuongea, kuelewa hujapima.

Mkaa_Manila: Naunga mkono ila usiwasahau ambao hata herufi hawazijui. Walimu wengi huku wanatumia njia ya kufundisha kusoma inaitwa Marungko, herufi inafundishwa kwa sauti, mmm sio "em", na hawafuati a b c, wanaanza na m, s, a, i, o, kwa hiyo mapema tu mtoto anasoma ama, isa, masama na anajiona mwamba. Afu "ng" na "mga" zikisimama peke yake zinatamkwa nang na manga, wazikariri nzima nzima, wakianza kuziunga herufi kwa herufi mtakesha. Ng ya ngipin ni ng' yetu ya ng'ombe, hiyo huwezi kuikosea.

Bi_Tausi: Na viambishi je? Mtoto akikutana na kumakain anaanza ku-ma-ka, akifika mwisho kashasahau alikotoka. Mwonyeshe kain (kula) kwanza, afu kumain, kumakain, kakain, aone shina liko wapi.

Mkaa_Manila: Hapo kwenye kain umemaliza.

ShangaziCebu: Asanteni sana. Ila kuna mama kanijia juu eti Kibisaya kinawachelewesha, shule sai ni Kifilipino na Kiingereza.

mwl_wa_KKK: Yuko sahihi nusu. Kuanzia 2012 watoto wa huko walikuwa wanafundishwa kwa lugha ya nyumbani mpaka grade 3, Oktoba 2024 ikaja sheria ya kuondoa hiyo lazima, ila lugha za mikoa zimebaki za kusaidizia. Kwa hiyo kufafanulia kwa Kibisaya ruksa kabisa. Mwite huyo mama siku moja akae, mwanae asome afu amweleze alichosoma, kwa lugha yoyote.

ShangaziCebu: Haha namwita Jumamosi.